Mjusi wa Mikindani, jitu la Tendaguru na majina ya wenyewe

Mjusi mmoja mdogo wa pwani ya kusini ya Tanzania, ambaye hata ukimpima pamoja na mkia wake hazidi kidole, alipewa jina la kisayansi mwaka 1911. Aliyemwandika, Richard Sternfeld wa Berlin, alimwita Lygodactylus grotei. Alifanya kazi na vielelezo vilivyotoka Mikindani, na jina ni la Hermann Grote, Mjerumani aliyeishi huko akikusanya ndege na wanyama.

Mjusi huyu ni wa jamii ya mjusi kafiri tunayemjua ukutani, ila yeye hutembea mchana na hupenda magome ya miti. Chini ya ncha ya mkia ana vibandiko kama vya vidoleni, hivyo mkia nao unamsaidia kushika. Kumtenganisha na ndugu zake ni kazi ya subira: magamba ya kidevu, vibandiko vya vidole, na vitundu vilivyo mbele ya tundu la haja la dume, vyote huhesabiwa. Hata hivyo wataalamu hutofautiana. Mwaka 1941 Arthur Loveridge aliwaandika mijusi wa Pemba kuwa tawi la grotei. Leo wanahesabiwa kuwa spishi yao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1911 Sternfeld alimgusa mnyama mwingine wa Lindi, safari hii jitu. Mjerumani Eberhard Fraas alifika kilima cha Tendaguru, Lindi, mwaka 1907, na mwaka uliofuata akayaita madinosaria ya hapo Gigantosaurus. Tatizo ni kwamba Mwingereza Seeley alikwisha kulitumia jina hilo mwaka 1869, na kanuni ya sayansi humpa haki aliyetangulia. Sternfeld akaweka Tornieria, kwa heshima ya Gustav Tornier wa makumbusho ya Berlin. Kazi ya karani tu, mtu anaweza kusema, lakini jina hilo lingali hai: mmoja wa wanyama hao sasa ni Tornieria africana.

Grote, Tornier: hao ndio walioenziwa. Wakati huo, kati ya 1909 na 1913, mamia ya watu wa Lindi walikuwa wakichimba Tendaguru na kubeba mifupa hadi bandarini, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao mkuu. Jina lake liliingia katika orodha ya sayansi mwaka 2007, katika jina la dinosaria Australodocus bohetii. Wamwera, kabila la eneo hilo, walisubiri hadi 2019, ilipotangazwa Wamweracaudia keranjei, inayomkumbuka pia Mohammadi Keranje wa uchimbaji uleule. Zaidi ya karne nzima! Huko ni kuchelewa kusiko na udhuru.

La grotei halitabadilishwa, maana kanuni hairuhusu kufuta jina halali kwa sababu tu halitupendezi. Ila wanaosoma elimu ya wanyama katika vyuo vyetu wana misitu ya Rondo, Litipo na vilima vya Matumbi wilayani Kilwa. Nendeni mkahesabu magamba. Atakayeandika spishi mpya ndiye atakayechagua jina.