Mashua za Namna Moja: Historia Fupi ya Mashindano ya Haki

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha mwaka wa 10 wa Chama chetu Kikuu, msomaji atazikuta hesabu za mazao, majina ya vyama vya msingi na habari za maghala. Sisi tuliopewa kurasa za historia tumeona vema kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mchezo tu: mashindano ya mashua ndogo za mbao, ziendazo kwa tanga, huko Ayalandi. Mtu aweza kuuliza, mashua za watu wa mbali zawahusu nini wakulima na wavuvi wa ushirika? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika habari yenyewe.

Karibu na mji wa Dublin iko bandari iitwayo Dún Laoghaire, ambayo tangu mwaka 1821 hadi 1920 iliitwa Kingstown. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1817, na kuta zake mbili ndefu za mawe zimeyakumbatia maji yaliyotulia. Katika karne ile ya 19 wenye mali walishindana hapo kwa vyombo vya fahari. Lakini mashindano ya namna hiyo yalikuwa na ila kubwa. Mtu akijenga chombo chenye mbio mwaka huu, mwaka ujao mwenzake alijenga kingine kirefu zaidi, akakitundika tanga kubwa zaidi na kuajiri mabaharia hodari wa mshahara. Papo hapo kile cha kwanza kikapoteza thamani yake, ingawa mbao zake zilikuwa bado mpya. Aliyeshinda hakuwa nahodha, bali ni mfuko. Na mtu wa kipato cha kiasi, hata angekuwa mjuzi wa upepo kuliko wote, alibaki ukutani akitazama.

Aliyetafuta dawa ya maradhi hayo alikuwa Thomas Middleton, mtu wa Shankill, kusini ya Dublin. Shauri lake lilikuwa jepesi: watu waungane, wachague mashua moja ndogo ya bei nafuu, kisha kila mmoja ajengewe iliyo sawasawa na ya mwenzake, kwa kipimo kile kile na tanga lile lile. Mwaka 1887 chama kikaanzishwa, nacho kikajiita kwa mzaha Water Wags, yaani wachekeshaji wa majini. Mashua zao za kwanza zilikuwa na urefu wa futi 13, zimechongoka mbele na nyuma, na chini zilikuwa na bamba la kuteremshwa majini ili chombo kisisukumwe upande na upepo. Kwa kuwa hazikuhitaji farumi nzito, watu wachache waliweza kuivuta mashua yao mpaka mchangani. Chama hicho ndicho cha kwanza duniani kushindana kwa mashua ndogo zilizojengwa zote kwa namna moja.

Yafaa tukumbuke kwamba miaka ile ile na katika nchi ile ile ushirika nao ulikuwa ukiota mizizi. Mwaka 1889 kiwanda cha kwanza cha siagi cha ushirika katika Ayalandi kilifunguliwa Dromcollogher, na mwaka 1894 Horace Plunkett na wenzake waliunda chama cha kuvikusanya vyama vya wakulima nchini. Huko, mwenye ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe ishirini walikuwa na kura moja moja. Majini nako, tajiri na karani waliketi katika mashua za kipimo kimoja.

Miaka 13 ilipopita, wanachama waliona kwamba mashua yao ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Basi hawakumwachia kila mtu atengeneze yake apendavyo, kwani hapo maradhi ya zamani yangerudi. Walikubaliana wote pamoja kubadili, na mwaka 1900 wakapokea ramani mpya iliyochorwa na Maimie Doyle, binti wa fundi wa mashua wa Kingstown. Mashua hiyo mpya ilikuwa na urefu wa futi 14 na inchi 3, na nyuma yake ilikatwa wima badala ya kuchongoka. Mbao zake hupandiana kama vigae vya paa, zikashikwa kwa misumari ya shaba. Ramani ya Maimie Doyle ndiyo itumikayo hadi leo. Mashua kadhaa zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 bado zashindana, na zinapokutana na mashua iliyoteremshwa juzi, hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayotangulia. Huo ndio uzuri wa kanuni ya kipimo kimoja: chombo hakizeeki kwa sababu jirani amenunua kipya. Huzeeka tu kwa kutotunzwa.

Tueleze sasa jinsi mashindano yenyewe yaendavyo. Katika majira ya joto wanachama hao hushindana jioni ya kila Jumatano ndani ya bandari. Aidha, tangu mwaka 2005, kila baada ya miaka 2, mwezi wa Julai, bandari ile huwa na mashindano makubwa ya mwisho wa juma, tangu Alhamisi hadi Jumapili, yakivikusanya vyombo vya kila aina; ni mwaka 2021 tu yalipovunjwa kwa sababu ya maradhi ya Korona. Waamuzi hupandisha bendera ya kwanza dakika 5 kabla ya wakati, na mashua huzunguka zunguka nyuma ya mstari usioonekana, uliopimwa kwa macho kati ya chombo cha waamuzi na boya. Anayevuka kabla ya ishara hana budi kurudi. Kisha zote hubisha kuelekea upepo utokako, zikienda huku na huku, mpaka boya la kwanza. Mashua mbili zikikabiliana, ile inayopata upepo kwa upande wa kulia ndiyo yenye haki ya njia, na nyingine sharti iipishe.

Lakini ajabu ya mchezo huu ni kwamba hakuna mwamuzi anayemfuata kila mtu kwa filimbi. Mtu akimzuilia mwenziwe njia isivyo haki, hujihukumu mwenyewe papo hapo: hukizungusha chombo chake duara mbili kamili ilhali wenzake wanampita. Akiligusa boya, huzunguka duara moja. Huenda hakuna aliyemwona, ila yeye mwenyewe ajua. Sisi tuliowahi kushika daftari na mizani ya chama twaielewa kanuni hiyo bila kuelezwa zaidi.

Shauri la Middleton lilienea mbali. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948, mashindano ya baharini yalifanywa Torquay, Uingereza, na waliosafiri mmoja mmoja walipewa na wenyeji mashua ziitwazo Firefly, zote za namna moja. Zilitoka katika karakana ya watu waliotengeneza sehemu za ndege wakati wa vita, waliozigandisha mbao nyembamba kwa gundi na joto. Kijana wa Denmark wa miaka 20, Paul Elvstrøm, hakumaliza safari ya kwanza. Hata hivyo mwishoni alitwaa dhahabu, naye akaitwaa tena mara 3 zilizofuata. Mwaka 1963 likaja jambo jingine: gazeti la Daily Mirror liliwauzia wasomaji wake mashua ndogo ya mbao za tabaka, vipande vikiwa tayari vimekatwa, kwa pauni 63 na shilingi 11. Mnunuzi aliviunga nyumbani kwa waya wa shaba na gundi. Mashua hizo zenye matanga mekundu zilizidi 70,000.

Wakati huo huo vyombo vya plastiki viliingia, na mashua nyingi za mbao zikaachwa zioze mabandani. Ndipo wapenzi wake walipoanza kuzitafuta, kuzitia mbao mpya na kuzishindanisha. Shabaha yao si kikombe tu. Chombo kisichokwenda baharini hakimhitaji fundi, na fundi asiyehitajiwa hamfundishi mwanawe.

Hapa twajiona wenyewe. Pwani yetu nayo ina mashindano yake. Kule Lamu mashua hushindana siku za sherehe, mabaharia wakining'inia juu ya ubao upande wa upepo ili chombo kisilale. Mafundi wa Matondoni huunga mbao ukingo kwa ukingo na kuzikalafati kwa pamba na mafuta, tofauti na wale wa Dublin, lakini hofu yao ni moja: mbao nzuri zimekuwa adimu, na vijana wameanza kutazama kwingine. Yatupasa kufikiri kama vyama vyetu vya wavuvi, vinavyonunua nyavu na barafu kwa pamoja, haviwezi pia kuagiza mashua kwa pamoja, za kipimo kimoja, ili fundi apate kazi ya mwaka mzima na mvuvi apate chombo kwa bei aiwezayo.

Watu wa Kingstown hawakuwa wengi wala hawakuwa na nguvu za ajabu. Walikubaliana juu ya kipimo, wakakilinda, na walipolazimika kukibadili, walikibadili pamoja. Basi kwa maneno hayo tunawatakia wanachama wote heri ya mwaka huu wa 10, na tunamwomba Mungu awajalie upepo mwema.