Masasisho ya kompyuta: dawa ya kweli inafaa itoke mahali pa kweli

Simu ama kompyuta ikionyesha kwamba kuna mise à jour, watu wengi wanabonyeza « baadaye », sababu mega ni ghali na umeme unaweza kukatika saa yoyote. Lakini ile mise à jour, kwa Kiswahili sasisho, mara nyingi ndiyo inaziba tundu ambamo wezi wanapitia. Na tena, mambo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba sasisho lenyewe linaweza kugeuzwa sumu, kama mashine inayoligawa haikulindwa.

Seva ni kitu gani?

Seva ni kompyuta inayotumikia kompyuta zingine. Inawaka usiku na mchana, inangoja maombi na kuyajibu. Kwenye hospitali inaweza kutunza fishi za wagonjwa, kwenye chuo kikuu pointi za wanafunzi, kwenye koperative ya akiba hesabu ya kila mwanamemba.

Kuna seva zingine ambazo kazi yake ni kugawa programu na masasisho. Hizo ndizo zinaomba ulinzi zaidi. Mwizi akiingia katika seva ya hospitali, ameibia ile hospitali. Akiingia katika seva ya masasisho, amepata njia ya kufikia wateja wote mara moja, na wao wenyewe ndio wanamfungulia mlango.

Mei 2017: bei ya kuchelewa

Tarehe 14 Machi 2017, kampuni Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kubwa katika Windows. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei, yaani karibu miezi miwili kisha, virusi WannaCry ilipitia katika tundu lile lile. Ilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 juu ya kuyafungua. Kompyuta zaidi ya 200,000 ziliguswa, katika inchi karibu 150. Huko Uingereza, hospitali zilifuta maelfu ya randevu za wagonjwa.

Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa. Kilichokosa ni mtu wa kuiweka.

Juni 2017: sumu ndani ya dawa

Nyuma ya wiki chache, mambo yalikuja kwa njia ingine. Katika Ukraine, kampuni nyingi zinatumia programu ya hesabu na kodi inayoitwa M.E.Doc. Wavamizi waliingia katika mashine za kampuni inayoitengeneza, wakapachika kipande chao ndani ya masasisho. Wachunguzi waligundua baadaye kwamba masasisho yenye mlango wa siri yalikuwa yametolewa tangu mwezi wa Aprili.

Tarehe 27 Juni, wavamizi walipitisha humo virusi NotPetya. Wale waliokuwa wanafuata shauri nzuri ya kuweka masasisho ndio walioipokea wa kwanza. Ilitoka Ukraine ikafika inchi zingine kupitia reso za kampuni kubwa. Ilikuwa inaomba pesa kama WannaCry, lakini ulikuwa uongo: hata mwenye kulipa hangerudishiwa mafaili yake. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara kuwa zaidi ya dola miliare 10, na mwaka 2020 ilishitaki maofisa sita wa upelelezi wa jeshi la Urusi.

Polisi ya Ukraine ilipokamata seva za M.E.Doc, uchunguzi ulionyesha kwamba programu zake zenyewe hazikuwa zimesasishwa tangu mwaka 2013. Aliyekuwa anagawia wengine dawa, yeye mwenyewe hakuwa anakunywa.

Kompyuta moja katika Ghana

Kampuni ya meli Maersk, ya Denmark, ilipoteza karibu kila kitu kwa masaa machache. Ilibidi iweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Kitu kigumu zaidi kilikuwa seva karibu 150 zinazotunza majina na ruhusa za wafanyakazi. Kila moja ilikuwa na nakala ya zingine, na zote zilikuwa zimeunganishwa. Zilifutika pamoja.

Ilibaki moja tu, katika biro ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika pale mbele ya virusi kufika, kwa hiyo seva ilikuwa imezimika. Intaneti ya pale haikuwa na nguvu ya kutuma kitu kizito vile. Mfanyakazi mmoja alipanda ndege mpaka Nigeria na diski mkononi, akaipatia mwenzake aliyeipeleka Uingereza.

Fundisho si kwamba kukatika kwa umeme ni ulinzi. Fundisho ni kwamba nakala inayokaa imeunganishwa na zingine si akiba. Akiba ni ile ambayo virusi haiwezi kufikia.

Muhuri wa sasisho

Namna gani kompyuta inajua kwamba sasisho ni la kweli? Inaangalia muhuri. Mtengenezaji ana funguo mbili. Ufunguo wa siri anaubakiza kwake na kuutumia kupiga muhuri. Ufunguo wa pili anaugawia watu wote, juu ya kuhakikisha ule muhuri. Kama mtu amebadilisha hata herufi moja ndani ya sasisho, muhuri haukubali tena na kompyuta inalikataa.

Ni sawa na barua yenye muhuri wa chefu wa kata. Lakini mwizi akiingia katika biro na kukuta muhuri juu ya meza, barua zake zote zitaonekana za kweli. Ndiyo sababu ufunguo wa siri haufai kulala katika seva inayogawa masasisho. Unawekwa kando, katika chombo kisichounganishwa na intaneti, na watu wachache tu ndio wanaufikia.

Muhuri hauondoi makosa pia. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la kweli la kampuni CrowdStrike lilikuwa na kosa, likazimisha kompyuta karibu milioni 8.5. Ndege nyingi zilibaki chini. Tangu pale, watu wa kazi hii wanakumbushana: kupeleka kwanza kwa mashine chache, kungoja, kisha kuendelea na zingine.

Kwa mwenye kutunza seva

- Kuweka masasisho ya seva yenyewe kwa haraka, na kujaribu kwanza kwenye mashine moja.
- Kuondoa programu zisizotumika. Kila moja ni mlango wa ziada.
- Kumpa kila mtu neno lake la siri, pamoja na kodi ya pili kwenye simu. Anayeacha kazi, ruhusa yake inafutwa siku ile ile.
- Kutenga seva ya masasisho na kompyuta za kila siku za biro.
- Kufanya nakala kwenye diski, kuichomoa na kuitunza mahali pengine. Mara kwa mara, kujaribu kama inafunguka.

Kwa mwenye simu ama kompyuta

Kuchukua programu kwa rafiki kupitia flashi, Bluetooth ama WhatsApp kunapunguza mega, lakini hakuna anayejua programu ile imepitia mikono mingapi. Ni vizuri kuitoa kwa mtengenezaji mwenyewe ama kwenye duka rasmi la simu. Kama mega ni shida, simu inaweza kupangwa ifanye masasisho pale tu inapokamata Wi-Fi, na kuanza na yale ya usalama. Ujumbe unaokuja ghafla na kusema « bonyeza hapa kusasisha » si wa kufuata: inafaa kufungua mipangilio ya simu yenyewe na kuangalia kama kweli kuna sasisho.

NotPetya haikufanya masasisho kuwa kitu cha kuogopa. Wasioyaweka bado ndio wanaopatikana kwa urahisi zaidi. Iliongeza tu kazi moja: mbele ya kukubali, kuangalia ni nani anayeleta.