Mwasho na Mawazo: Tulikotoka na Neno "Ni Mawazo Tu"

Leo sitaanza na dawa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea bintiye wa miaka 9. Ngozi ya nyuma ya magoti ilikuwa imekauka, imekuwa nene, na ina damu kwa kujikuna. Ulikuwa ukurutu. Mama akaniambia kwamba mwasho ulizidi tangu baba ya mtoto alipohama nyumbani. Nami nikamjibu, "Usijali mama, hayo ni mawazo tu." Nilidhani nimemfariji. Baada ya wiki tatu alirudi. Nyanya ya mtoto alikuwa akimchapa mikono usiku kila akijikuna, akisema, "Hata sista amesema huna ugonjwa."

Tangu siku hiyo nimetaka kujua neno hilo "mawazo tu" lilitoka wapi.

Mwaka 1660 daktari Mjerumani, Samuel Hafenreffer, aliandika kwamba mwasho ni hisia mbaya inayomfanya mtu atake kujikuna. Mpaka leo madaktari wanaitumia maana hiyo. Mwaka 1891 madaktari wawili Wafaransa, Brocq na Jacquet, walieleza juu ya wagonjwa ambao mwasho ulitangulia, kisha ngozi ikaharibika kwa kukunwa. Waliuhusisha ugonjwa huo na neva, yaani mishipa ya fahamu. Lakini miaka ilivyopita jambo hilo likageuzwa kuwa lawama. Katikati ya karne ya 20 kulikuwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani waliofundisha kwamba mtoto mwenye ukurutu ana mama asiyempenda vya kutosha. Fikiria mama huyo, amekesha akimpaka mtoto mafuta, halafu anaambiwa hivyo!

Huku kwetu tuna habari yetu, na wazee wachache huenda wakaikumbuka. Ni habari ya usubi, yule nzi mdogo mweusi wa mtoni. Akikuuma anakuachia minyoo. Minyoo hiyo huzaa vijiminyoo vingi vinavyotembea chini ya ngozi, na vinapokufa humo ndipo mtu huwashwa mchana na usiku. Baadhi ya wagonjwa hupofuka. Zamani ugonjwa huu ulikuwa Kodera kule Nyanza, na pia pande za Kakamega na Kaimosi. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walianza kutia dawa ya DDT katika mito ya Kodera. Ajabu ni kwamba mabuu ya nzi huyo hawakuonekana kwenye mawe wala majani ya mtoni. Ilikuwa mpaka mwaka 1950 ndipo walipopatikana wameng'ang'ania migongo ya kaa! Kufikia katikati ya miaka ya 1950 nzi huyo alikuwa ametoweka magharibi mwa Kenya.

Ulikuwa ushindi mkubwa, na sitaki kuupunguza. Lakini minyoo mizima huishi mwilini zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo nzi alikwisha, na aliyekwisha kuambukizwa angeweza kuendelea kuwashwa kwa miaka mingi. Duniani kote ugonjwa huo ulijulikana kwa upofu, na mwasho ukaonekana jambo dogo. Ilikuwa mwaka 1995 ndipo ripoti ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka nchi kadhaa za Afrika, ilipoonyesha kwamba mwasho wenyewe ulikuwa mzigo mkubwa: watu hawalali, wanaona haya mbele za wenzao, na watoto hawatulii darasani.

Mwaka 1997 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kwamba mwili wa binadamu una nyuzi za neva zinazopeleka habari ya mwasho kwenye ubongo. Mwaka 2000 Wajerumani wengine walitangaza jambo la kuchekesha kidogo. Waliwaonyesha watu ukumbini picha za viroboto na vipele, kisha picha za ngozi laini za watoto wachanga. Walikuwa wakiwapiga filamu. Wakati wa picha za viroboto watu walijikuna zaidi. Huenda hata wewe, mama, umeshajikuna tangu nianze kusema.

Je, watu wale walikuwa waongo? Hapana. Ubongo ndio unaopokea mwasho, na ubongo uliojaa hofu au usingizi uliokatika huupokea kwa nguvu zaidi. Mtoto anajikuna, ngozi inachubuka, mwasho unaongezeka, halali, na kesho yake ana hasira na wasiwasi. Mambo hayo yanazunguka. Ukimchapa umeongeza hofu.

Kabla sijasahau: nyumba nzima ikiwashwa usiku, huenda ni upele wa kuambukiza, na wote hutibiwa siku moja. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo aje kliniki upesi, asingoje.

Turudi kwa yule binti. Safari ya pili nilianza na ngozi: dawa ya kupaka, mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, sabuni isiyo na manukato, kucha fupi. Kisha nikamuuliza mtoto mwenyewe habari ya baba yake, akalia kwa muda mrefu. Nikaomba nyanya aje. Alikuja, akanisikiliza kimya, halafu akauliza kama anaweza kumpaka mafuta yeye mwenyewe kila jioni. Mwezi uliofuata mama alisema magoti hayajapona kabisa, lakini mtoto analala, na siku hizi analala kwa nyanya.