Besi Haiko kwa Jina, Iko kwa Mpira

Uliza kijana yeyote wa Nairobi anataka nini kwa hedifoni. Jibu linakuja kabla hujamaliza swali: besi. Na hatulaumiwi. Tumelelewa na nganya. Masikio yetu yalifunzwa kwa matatu zenye spika chini ya viti, ile ngoma ikigonga unaisikia kifuani kabla ya kuisikia sikioni.

Sasa unateremka Luthuli na ngiri moja mfukoni, unataka hiyo nganya iingie kwa kitu kidogo kama njugu. Kila boksi inakuapia ina besi ya ajabu. Utaamini gani? Mimi nasema achana na boksi, angalia historia. Hii safari ya miaka mia na kitu imejaa watu wakipata besi, wakiipoteza, wakiipata tena, na kila mara sababu ilikuwa ile ile: sikio limezibwa ama halijazibwa.

Tuanze jikoni. Nathaniel Baldwin, fundi wa Utah, Marekani, aliunda hedifoni jikoni kwake, na mwaka 1910 jeshi la wanamaji la Marekani likaanza kununua. Hapo hakuna aliyewaza besi. Wanajeshi walitaka kusikia ujumbe wa redio, basi. Muziki haukuwa kwa hesabu.

Ilichukua karibu miaka 50. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, mpenzi wa jazi, alikuwa na kinanda cha santuri cha kubebeka alichotaka kuuza. Ili watu wakijaribu vizuri, wakaunganisha hedifoni, zikiwa na spika ndogo ndani ya vikombe vinavyofunika sikio lote. Watu wakapita kinanda, wakazipenda hedifoni. Zile Koss SP/3 ndizo zilianzisha mambo ya kusikiliza stirio peke yako, na vile vikombe vilikuwa na siri kubwa.

Siri ni hii. Besi ni hewa inayosukumwa polepole, kama mara 50 kwa sekunde, wakati sauti ya matoazi inaenda maelfu. Hewa hiyo ya polepole, ikipata ufa kati ya hedifoni na sikio, inatoroka. Sauti za juu zinabaki, besi inaenda. Ndio maana spika kubwa ambayo haijakaa vizuri itapigwa na spika ndogo iliyoziba.

Halafu tukaanza kuipoteza. Mwaka 1979 Sony walileta Walkman, na hedifoni zake nyepesi za sponji. Dunia ikaanza kutembea na muziki, poa sana, lakini sponji haizibi kitu. Mwaka 2001 Apple wakatoa iPod na zile iafoni nyeupe za plastiki ngumu. Zilikuwa fasheni kuliko viatu, na besi ilikuwa inavuja kila upande. Jawabu lilikuwa tayari lipo: mwaka 1991 kampuni ya Marekani, Etymotic, ilitoa ER-4, iafoni inayoingia ndani ya sikio na kuziba kabisa. Lakini bei yake haikuwa ya watu kama sisi.

Kisha akaja Dr. Dre. Yeye na Jimmy Iovine walianzisha Beats mwaka 2006, na hedifoni ya kwanza ikatoka 2008, kubwa, imefunika sikio, besi imepandishwa makusudi. Kufika 2014 Apple ilinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3. Mtaani kwetu zikajaa feki zenye ile "b" nyekundu. Hapo ndipo naona tulipotekwa: tukaanza kununua besi kwa jina. Feki ilikuwa na herufi, lakini mito yake migumu haikuziba kitu.

Habari njema ni kwamba ule mpira laini wa kuziba sikio sasa uko hata kwa iafoni za bei ya chini. Tangu Apple watoe tundu la waya kwa iPhone 7 mwaka 2016, iafoni za Bluetooth zimefurika. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, wana Oraimo, ambayo unaipata karibu kila duka la simu hapa.

Kwa hivyo, ukienda dukani fanya hivi. Cheki kama kuna mipira ya saizi tatu, ujaribu zote, maana hata masikio yako mawili yanaweza kutofautiana. Cheza ngoma unayoijua kichwani, sauti iwe nusu. Sukuma iafoni ndani kidogo na kidole: besi ikiongezeka ghafla, spika iko sawa, mpira ndio haukutoshi. Sikiliza pia kama maneno ya msanii yanasikika. Besi inayomeza maneno si besi, ni kelele. Na ile "20Hz–20kHz" ya kwa boksi isikubabaishe, haikuambii hizo sauti za chini zina nguvu kiasi gani.

Kuna sababu nyingine ya kujali, na hii si ya pesa. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Labs, walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio la binadamu linasikia besi vibaya kuliko sauti za kati. Iafoni isiyoziba basi inakufanya uongeze sauti, uongeze tena, ukitafuta besi ambayo imeshatoroka. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu. Piga hesabu ya jam ya Thika Road kila siku, asubuhi na jioni.

Iafoni ikiharibika utanunua ingine. Sikio likiharibika, hakuna duka Luthuli litakuuzia. Wewe unatumia mpira saizi gani, ama hujawahi hata kubadilisha ile iliyokuja nayo?