Mazingira ya eneokazi (Linux)

Mazingira ya eneokazi ni mkusanyiko wa programu unaompa mtumiaji wa kompyuta madirisha, menyu, aikoni na sehemu ya kupangia faili. Katika Windows na macOS eneokazi hutengenezwa na kampuni yenyewe, na mtumiaji hupokea alichopewa. Katika Linux yapo mengi, na mtumiaji huchagua.

Distro ni Linux iliyo tayari kusakinishwa: kiini cha mfumo, programu mbalimbali na, kwa kawaida, eneokazi lililochaguliwa na watengenezaji wake. Mifano ni Debian, Ubuntu, Fedora na Linux Mint. Distro mbili zenye eneokazi lilelile hufanana sana machoni. Distro moja yenye maeneokazi mawili huonekana kama mifumo miwili tofauti. Kwa sababu hiyo anayeanza hufaidika akichagua eneokazi kwanza, kisha distro.

Historia

KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Ilijengwa juu ya Qt, ambayo wakati huo haikuwa programu huria kamili. Kwa sababu hiyo Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, walianzisha GNOME mwaka 1997. Mwaka 2011 GNOME 3 ilibadilisha kabisa sura ya eneokazi. Baadhi ya watumiaji hawakuipenda, na hapo yakazaliwa MATE, inayoendeleza sura ya zamani, na Cinnamon ya Linux Mint.

Aina kuu

* GNOME: ina sura rahisi isiyo na vitu vingi, lakini hutumia kumbukumbu nyingi. Ndiyo eneokazi la kawaida la Ubuntu na Fedora Workstation.
* KDE Plasma: inafanana kiasi na Windows, na karibu kila kitu chake hubadilishika. Hupatikana katika Kubuntu.
* Cinnamon: menyu iko chini kushoto, hivyo aliyezoea Windows hapotei. Hupatikana katika Linux Mint.
* MATE na Xfce: ni nyepesi na tulivu. Zote mbili zina matoleo ya Linux Mint. Xfce hupatikana pia katika Xubuntu.
* LXQt: ni miongoni mwa nyepesi zaidi. Hupatikana katika Lubuntu.

Debian humwuliza mtumiaji wakati wa kusakinisha anataka eneokazi lipi.

Kuchagua kwa kompyuta iliyotumika

Jijini Dar es Salaam, katika maduka ya Kariakoo na katikati ya jiji, wanafunzi wengi hununua kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imekoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine kama hiyo bado inaweza kufanya kazi miaka kadhaa ikipata eneokazi linaloimudu.

Jambo la kwanza la kutazama ni kumbukumbu, yaani RAM. Kwa GB 2, LXQt au Xfce ndiyo yafaayo. Kwa GB 4, Xfce, MATE na Cinnamon hutosha kwa kuandika, kusoma na kutumia intaneti. Kwa GB 8 au zaidi, eneokazi lolote linafaa. Hata hivyo, eneokazi jepesi haliongezi kumbukumbu: kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kinaweza kutumia kuliko eneokazi lenyewe.

Jambo la pili ni mazoea ya mtumiaji, na la tatu ni vifaa. Distro nyingi huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Kwa njia hiyo mtu hupima Wi-Fi, sauti, kibodi na printa kabla ya kugusa diski, ingawa mwendo huwa wa polepole zaidi. Faili muhimu zinakiliwe mahali pengine kwanza, kwa kuwa kusakinisha kunaweza kufuta vyote vilivyomo.

Uamuzi huu si wa kudumu. Maeneokazi mawili yanaweza kukaa katika mashine moja, na mtumiaji akachagua moja wakati wa kuingia.

Kiswahili

Menyu huonekana kwa Kiswahili pale tu eneokazi na programu zake zilipotafsiriwa. Palipoachwa hubaki Kiingereza. Kazi hii ina historia Dar es Salaam. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tafsiri za programu huria hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuta neno lisilotafsiriwa anaruhusiwa kulitafsiri na kulipeleka kwa watengenezaji.