Somo la Historia: Baharia Aliyesafiri Nchi Kavu

Ninyi wa darasa la watu wazima huko Bulyaga mnajua kwamba zamani za Wajerumani Tukuyu yenu iliandikwa katika ramani kwa jina la Neu Langenburg. Wazee wenu hawakuulizwa. Leo nataka mjue habari za mmoja wa watu waliofanya kazi ya namna hiyo, ingawa yeye aliifanya mbali na Rungwe, huko kaskazini ya Kenya.

Jina lake ni Ludwig von Höhnel. Alizaliwa mwaka 1857 katika dola ya Austria. Katika dola ile maafisa waliosifiwa sana ni wale wa askari wa farasi, lakini yeye alikuwa afisa wa manowari. Basi tajiri mmoja wa Hungaria, Sámuel Teleki, alipotaka kusafiri Afrika, Höhnel aliomba kufuatana naye. Kazi yake ilikuwa kupima jua na nyota, kama wafanyavyo mabaharia, na kuchora ramani ya njia.

Februari 1887 msafara uliondoka Pangani. Walikuwa mamia ya wapagazi, nao walibeba shanga, nguo, waya, risasi, na hata mashua ya chuma iliyokatwa vipande vipande. Hebu fikirini: kubeba mashua kichwani, siku kwa siku, katika nchi isiyo na maji! Pamoja nao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanya biashara ya pembe za ndovu, mtu wa Pangani. Huyu alikuwa amekwisha zunguka nchi ya Wamasai miaka mingi. Alijua pa kununua chakula, na alijua namna ya kusema na wenye nchi. Mimi naona kwamba pasipo Kimemeta ramani ile isingechorwa.

Walipita Taveta, wakapita Kilimanjaro na nchi ya Wakikuyu, wakafika Baringo. Toka hapo njia ilikuwa mawe na jua kali. Machi 1888 wakaona ziwa kubwa mbele yao. Wapagazi wakapiga kelele za furaha, wakalikimbilia maji. Walipoyaonja, kumbe yana magadi! Lakini hapakuwa na maji mengine, basi wakayanywa hayo hayo.

Wenyeji walikuwa na jina lao la ziwa lile. Höhnel mwenyewe alilisikia, akaliandika: Basso Narok, yaani Ziwa Jeusi. Lakini wao wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa Kaisari wa Austria. Ziwa dogo walilolikuta baadaye wakaliita Stefanie, jina la mke wake. Rudolf hakuliona ziwa lake hata mara moja. Alikufa Januari 1889. Njaa na maradhi viliwaua wapagazi wengi katika safari ile, wala hakuna ziwa lililopewa jina la mpagazi.

Höhnel alirudi kwao akaandika kitabu, akapata sifa. Mwaka 1892 akaja tena pamoja na Mmarekani, William Astor Chanler. Mwaka 1893 kifaru akamjeruhi vibaya sana, akachukuliwa mpaka pwani. Na nani aliyemchukua? Wapagazi tena. Alipopona alikuwa msaidizi wa Kaisari katika jumba lake, na mwaka 1905 alitumwa kwa Menelik, mfalme wa Ethiopia, kufanya mapatano ya biashara. Alikufa mwaka 1942.

Ramani zake zilikuwa nzuri. Haki yake tusimnyime. Lakini mwaka 1975 serikali ya Kenya ililipa ziwa lile jina la Turkana, kabila la watu wakaao kando yake.

Sasa chukueni daftari zenu. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwulize majina ya zamani ya kijito, kilima au bonde lililo karibu naye. Yaandikeni kama mzee ayatamkavyo, na maana yake kando.