Lahaja za Italia si watoto wa Kiitaliano

Msomaji mmoja ameniuliza iwapo Kiitaliano nacho kina lahaja, jinsi sisi tulivyo na Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Swali zuri, ila jibu lake si jepesi.

Mmvita na Muunguja wakikutana huelewana. Mkulima wa Sicilia na mwenzake wa Milano, kila mmoja akishikilia lugha ya nyumbani, watatoka kapa. Sababu ni kwamba Kisisilia, Kinapoli, Kivenezia na Kimilano havikuzaliwa na Kiitaliano. Vyote vilitokana na Kilatini, kila kimoja kwao, na Kiitaliano ni ndugu yao tu. Mvulana ambaye Firenze humwita *ragazzo*, Napoli ni *guaglione*, Sicilia *carusu*.

Basi ndugu huyu mmoja alitawazwa vipi? Kwa kalamu. Tena si yeye aliyetangulia: soneti, ambayo washairi wetu nao wameijaribu, ilichipuka katika karne ya 13 miongoni mwa washairi wa Sicilia, kwenye jumba la Mfalme Frederick II. Kisha wakaja Dante, Petrarca na Boccaccio, wakaandika kwa lugha ya Firenze. Mnamo 1525 Pietro Bembo, mwenyeji wa Venezia, akawashauri waandishi wamfuate Petrarca katika ushairi na Boccaccio katika nathari. Kichekesho ni kwamba Dante mwenyewe aliwahi kuwabeza Watoskana waliojigamba eti lugha yao ndiyo bora!

Lakini lugha ya vitabuni haikuwa ya sokoni. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokijua Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 pekee. Arrigo Castellani baadaye alikisia kama asilimia 10. Hata tukimkubali Castellani, watu tisa kati ya kumi waliamka siku hiyo wakiwa raia wa nchi ambayo lugha yake hawaizungumzi, na lugha za mama zao zikiitwa "lahaja" tu. Shule na jeshi vilikisambaza Kiitaliano polepole. Serikali ya Mussolini ikazipiga vita lahaja. Televisheni, iliyoanza 1954, ikamaliza kazi.

Neno hilo lahaja, kwa maoni yangu, limewaponza. Sheria ya mwaka 1999 ya kulinda lugha za wachache ilikitaja Kisardinia na Kifriuli. Kisisilia na Kinapoli, vyenye mamilioni ya wasemaji, havimo.